Jina moja, mashine mbili: Funzo la dainamo kutoka Garsen

KATIKA safu hii tumezoea kuyajadili maneno tukiwa tumeketi vitini. Leo, mpenzi msomaji, naomba tulijadili neno moja tukiwa tumechutama chini ya mwembe mjini Garsen, Kaunti ya Tana River, mikono imejaa girisi. Neno lenyewe ni dainamo.

Nina Land Rover kuukuu ya petroli, Series III. Hivi majuzi nilitoka Malindi nikielekea Hola. Kabla ya kufika Garsen, taa nyekundu ya betri ikawaka. Nilisimama kando ya barabara nikafanya nilivyofunzwa ujanani na dereva mmoja mkongwe: nikachomoa waya wa betri injini ikiwa inanguruma. Gari lisipozima, dainamo ni nzima, likizima, imekufa. Taa zilimulika ghafla kwa ukali, kisha gari likazima. Nikaurudisha waya, nikawasha, nikajikokota hadi mjini kwa nguvu zilizosalia kwenye betri.

Fundi alifungua boneti, akabonyeza mkanda kwa kidole, akaniangalia.

"Mzee, ulitoa waya wa betri gari likinguruma, sivyo?"

Nikakiri.

"Basi ugonjwa wa kwanza ulikuwa mdogo tu, mkanda umelegea. Huu wa pili umeuleta mwenyewe. Hiyo ilikuwa dawa ya dainamo, na hii si dainamo, ni altaneta. Watu wanaziita jina moja, halafu wanazitibu dawa moja."

Nimefundisha isimu kwa miaka mingi, lakini sikumbuki kuisikia hoja ya uhusiano wa neno na kitendo ikielezwa kwa ufupi kiasi hicho.

Historia inamuunga mkono fundi. Michael Faraday aligundua mwaka wa 1831 kwamba sumaku na waya vikisogezwa karibu karibu huzaa umeme. Dainamo ya gari ilitumia kanuni hiyo kwa namna yake: umeme ulizaliwa katika koili zinazozunguka, ukatolewa kwa brashi nzito. Land Rover za kwanza za mwaka wa 1948 zilikuwa na mashine hiyo. Udhaifu wake ulikuwa kwamba injini ikiunguruma polepole, dainamo haikuchaji vya kutosha.

Wasafiri wa Tana waliujua udhaifu huo vizuri. Kabla ya daraja, magari yalivuka mto Garsen kwa kivuko. Aliyefika jioni akangoja zamu yake huku injini ikinguruma na taa zikiwaka, aliziona taa hizo zikififia polepole.

Altaneta iliigeuza kazi hiyo. Umeme wa kuchaji huzaliwa katika koili zilizotulia, ilhali kinachozunguka ni sumaku inayoamshwa kwa umeme mdogo kupitia brashi ndogo. Lakini umeme huo huenda na kurudi, nayo betri inataka umeme wa upande mmoja. Kwa hiyo ilibidi kungoja diodi za silikoni zipatikane kwa bei nafuu. Chrysler waliifunga altaneta kwenye Valiant ya mwaka wa 1960. Land Rover waliiacha dainamo Series III ilipoingia mwaka wa 1971.

Diodi hizo ndizo siri ya kisa changu. Ukichomoa betri ghafla, umeme uliokuwa ukimiminika humo hukosa pa kwenda, nguvu yake hupanda mara moja na kuunguza diodi. Dainamo haikuwa na diodi, hivyo mara nyingi iliweza kulivumilia jaribio lile. Mashine ilibadilika, jina likabaki, na ndani ya jina ikabaki desturi iliyopitwa na wakati.

Fundi aliishusha altaneta, akaitia alama ubavuni ili vipande virudi vilivyokuwa, akafungua boliti ndefu. Alizipima koili kwa mita: nzima. Brashi zilikuwa fupi lakini zilifaa. Beringi ilijaa vumbi. Diodi mbili zilikuwa zimekufa, akatoa nyingine kutoka altaneta mbovu na kuzilehemu mahali pake.

"Koili zingeungua?" nikauliza.

"Ningezisuka upya."

Tazama maneno hayo mawili. Kulehemu ni neno lenye asili ya Kiarabu, ambalo masonara wa Lamu walilitumia kwa fedha na dhahabu. Kusuka ni kazi ya ukili na mikeka, tena ya nywele. Hakuna kamati iliyowapa mafundi ruhusa ya kuyahamishia kwenye umeme. Waliona waya ukipita juu na chini ya mwenzake kwa mpangilio, wakajua huko ni kusuka.

Simaanishi kwamba gereji haikosei. Dainamo ni kosa la gereji vilevile, na limeunguza altaneta nyingi kabla ya yangu. Ninachosema ni kwamba istilahi si pambo la kamusi. Neno lisilotenganisha vitu viwili humgharimu mtu pesa, na barabarani usiku huenda likamgharimu zaidi. Sisi tunaounda istilahi tukiwa vyuoni tungeanza kwa kuwasikiliza wale ambao neno likikosewa, kazi yao huharibika siku hiyo hiyo.

Mkanda ulikazwa, gari likawashwa. Kabla sijauliza, fundi alishikiza mita kwenye betri bila kuchomoa chochote: volti 14.

"Hivyo ndivyo altaneta inavyopimwa, mwalimu," akasema.

Nililipa, nikashukuru, nikashika njia ya Hola.