Briketi za Virunga: kwa nini makala yalibakia na nguvu

Mutu akisema "briketi" wengi wetu tunafikiri ni ubunifu wa jana, kitu cha mashindano ya wajasiriamali. Hapana, iko na historia ndefu. Huko Marekani, William Easby alipewa hati ya ubunifu mu 1848 kwa kushindilia vumbi ya makaa ya mawe ikuwe mabonge. Miaka ya 1920, Henry Ford alikuwa na mabaki mengi ya mbao kwenye kiwanda chake cha Michigan. Yakachomwa kuwa makala, yakasagwa, yakashikizwa na wanga, akauza. Kwa Ford ilikuwa namna ya kutotupa takataka. Kwetu Kivu ya Kaskazini, hadithi ilianza na vita.

Mwezi wa saba 1994, kwa siku chache tu, wakimbizi zaidi ya 700 000 kutoka Rwanda waliingia Goma. Kambi za Kibumba, Katale, Mugunga zilikuwa kando kabisa ya parki ya Virunga. Watu wote hao walipaswa kupika kila siku, na kuni za karibu zilikuwa za parki. Mwaka huohuo UNESCO iliandika Virunga kati ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kambi zilifungwa mu 1996, lakini biashara ya makala iliendelea, ju Goma yenyewe ilikuwa inakua, na vikundi vya silaha, FDLR kati yao, vilitoza kodi kwenye kila gunia.

Mwezi wa saba 2007, sokwe wa familia ya Rugendo waliuawa kwa risasi, pamoja na dume kubwa Senkwekwe. Hakuna mutu aliyewinda nyama yao. Wachunguzi walielekeza macho ku biashara ya makala: parki isipokuwa na sokwe, nani ataleta pesa ya kulinda miti?

Njo hapo, kuanzia 2008, parki ilianza kugawa mashini za mbao, za kusukuma na mikono. Majani, unga wa mbao na karatasi za zamani vinatwangwa, vinalowekwa, vinashindiliwa kwenye kopo, na inatoka briketi ya mviringo yenye tundu katikati. Hewa inapita kwenye tundu, moto unashika vizuri. Sehemu ya briketi hizo ilinunuliwa kwa ajili ya kambi za watu waliohama vita.

Wazo lilikuwa zuri. Lakini bamama wa soko hawakuhama. Mimi kama mwanakilimo naona sababu zilikuwa wazi. Kilo moja ya briketi ya majani iko na karibu nusu ya joto la kilo moja ya makala. Inatoa moshi, ju haikuchomwa kwanza, na nyumba zetu nyingi jiko liko ndani. Inahitaji jua siku kadhaa ili ikauke, na Goma mvua haiombi ruhusa. Tena, mutu anayechoma makala mu parki hanunui mti. Analipa jasho, kodi ya wenye bunduki, na usafiri. Briketi ilikuwa inashindana na mali ya wizi, na mali ya wizi siku zote ni bei rahisi.

Kuna jambo lingine lenye watu wa miradi hawapendi kusikia: takataka ya shamba si takataka yote. Majani ya maharagi na mabua ya mahindi ni chakula cha udongo. Ukiyachoma kila msimu, mwaka wa tano shamba linakudai. Afadhali maganda ya kahawa yanayorundikana ku mashini, unga wa mbao, na ile vumbi ya makala inayobakia chini ya gunia.

Mu mwezi wa kumi na mbili 2015, kituo cha umeme cha Matebe, ku mto Rutshuru, kilifunguliwa na megawati zaidi ya 13. Taa zikawaka. Maharagi, yenye kukaa ku moto masaa mawili ao matatu, yakabakia ku makala. Siku hizi vikundi vya vijana vinachoma takataka kwanza ndani ya pipa lenye hewa kidogo, halafu vinachanganya na uji wa unga wa muhogo mbele ya kushindilia. Moshi inapungua sana. Kazi iliyobaki ni kuuza rundo moja kwa bei ambayo mama wa Birere atalinganisha na kopo la makala bila kucheka.