Picha za mtaa: Namna ya kuhifadhi sura ya Huruma

USIKU wa Aprili 29, 2016, mvua kubwa ikinyesha jijini Nairobi, jengo la ghorofa sita liliporomoka karibu na mto katika mtaa wa Huruma. Watu wapatao 50 walipoteza maisha yao. Takriban saa 80 baadaye, waokoaji walimtoa mtoto mchanga wa kike akiwa hai chini ya vifusi.

Picha za mkasa huo zilienea kote ulimwenguni. Hata hivyo, ni wachache ambao hukumbuka kupiga picha ya jengo likiwa bado limesimama, nguo zikiwa zimeanikwa na watoto wakicheza mlangoni. Jengo linapoanguka, walioishi humo hubaki bila kumbukumbu ya makao yao.

Ndiyo maana upigaji picha za maisha ya kawaida una umuhimu mkubwa Eastlands, ambako majengo huinuka na kubomolewa kwa kasi.

Mitaani

Huruma umo katika eneo bunge la Mathare, baina ya barabara za Juja na Outer Ring. Vijiji vyake vina majina yenye historia. Kambi Moto kiliitwa hivyo kutokana na mikasa ya moto, nacho Redeemed kinabeba jina la kanisa.

Kuanzia mwaka wa 2003, wakazi wa Kambi Moto walianza kubomoa vibanda vyao vya mabati na kujenga nyumba za kudumu za ghorofa. Walitumia akiba zao wenyewe, wakishirikiana na Muungano wa Wanavijiji, shirika la Pamoja Trust na lililokuwa Baraza la Jiji. Picha ya kibanda cha wakati huo leo ni ushahidi wa safari hiyo.

Anayetaka kuhifadhi sura ya mtaa achague mahali pamoja, kwa mfano kona yenye kibanda cha mboga au soko la mbuzi la Kiamaiko, kisha arejee hapo kila mwaka. Asimame mbali kiasi cha kuonyesha mabango, nyaya za umeme na majengo jirani, kwani vitu hivyo ndivyo hubadilika kwanza.

Makanisa

Makanisa mengi ya Eastlands hukutana katika kumbi za mabati au vyumba vya kukodi. Leo ni kanisa, kesho huenda ukumbi huo ukawa duka. Mpiga picha amwone mchungaji au kasisi kabla ya ibada na aepuke kumulika waumini wakiomba. Viti vya plastiki, ngoma, vipaza sauti na kibao cha jina mlangoni hueleza mengi kuhusu kanisa hata kabla ya waumini kuingia.

Reli

Reli haipiti Huruma kwenyewe. Anayetaka kuipiga picha hana budi kwenda Makadara au Dandora, inakopita njia ya kuelekea Thika na Nanyuki. Njia hiyo inastahili kukumbukwa, kwa kuwa Nairobi ilianza kama kituo cha reli mnamo 1899, na mitaa kama Muthurwa na Makongeni ilijengewa wafanyakazi wa reli.

Mohamed Amin, mmoja wa wapiga picha mashuhuri zaidi barani Afrika, alizaliwa Eastleigh, jirani na Huruma, mnamo 1943. Anakumbukwa zaidi kwa picha za njaa ya Ethiopia za 1984, lakini pia alishiriki kuandaa kitabu cha picha kuhusu reli ya Kenya na Uganda kilichochapishwa mwaka wa 1986.

Katika vituo vya treni, omba ruhusa ya wasimamizi. Usisimame kamwe juu ya reli.

Wakazi wenyewe

Mwaka wa 1997, mradi wa Shootback ulioanzishwa pamoja na chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, uliwapa wavulana na wasichana kamera rahisi za plastiki. Walipiga picha za familia, marafiki na vichochoro vyao, na mnamo 1999 picha hizo zikachapishwa kitabuni. Walifaulu kwa sababu waliijua mitaa yao, nayo mitaa iliwajua. Simu ya kawaida ya leo inatosha kufanya kazi hiyo.

Idhini

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 hulinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu picha pia. Mnamo Septemba 2023, shule moja ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa hivyo, omba ruhusa, na kwa mtoto, muulize mzazi au mlezi.

Hatimaye, andika tarehe, mahali na maelezo mafupi ya kila picha. Hifadhi nakala zaidi ya mahali pamoja, kwani simu huibwa na huharibika. Chapisha chache kwa karatasi na umpelekee uliyempiga. Picha iliyotundikwa ukutani kwa mama mboga huenda ikadumu kuliko iliyo ndani ya simu yako, naye atakukaribisha utakaporejea mwaka ujao.