Kipande Bado Kiko Shingoni

Nairobi hii mtu akipoteza kitambulisho utamsikia akisema, "Nimepoteza kipande." Neno hilo lina zaidi ya miaka mia moja, na wengi wetu tunalitumia bila kujua lilianzia shingoni mwa nani.

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwasajili Waafrika. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaichelewesha, hivyo usajili wenyewe ukaanza baada ya vita, kati ya 1919 na 1920. Kila mwanaume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kutembea na karatasi yenye jina lake, kwao na alama za vidole vyake. Karatasi hiyohiyo ilionyesha ameajiriwa na nani, tangu lini, kwa mshahara gani, na ameachiliwa siku gani. Iliwekwa ndani ya kijisanduku cha chuma na kuning'inizwa shingoni kwa kamba. Wagikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Hawakuwa wanatania.

Nia haikufichwa sana. Masetla walitaka vibarua, na vibarua walikuwa wakitoroka mashamba yenye mshahara mbaya na viboko. Kipande kilifanya kutoroka kuwe kugumu. Kama mwajiri wa zamani hajaandika kwamba amekuachilia, wa mpya hakuruhusiwa kukuchukua. Askari akikusimamisha njiani bila kipande, ni faini au jela. Na kumbukumbu zako, pamoja na alama za vidole, zilikuwa zimewekwa Nairobi, kwa hiyo kubadilisha jina hakukusaidia. Leo tungeziita data, na ile ofisi ya Nairobi tungeiita sava.

Lakini kilichouma zaidi ni kwamba mwajiri aliweza kuandika maoni yake juu ya mfanyakazi. Mvivu. Mkaidi. Wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mtu angeweza kubeba matusi yake mwenyewe shingoni kutoka shamba moja hadi lingine, akishangaa mbona hakuna anayemtaka.

Watu hawakunyamaza. Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika ofisi za hazina ya serikali Nairobi, aliongoza chama cha East African Association kupinga kipande, ushuru na kazi za kulazimishwa. Walimkamata Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa. Mary Muthoni Nyanjiru akainua nguo yake mbele ya wanaume waliokuwa wanataka kurudi nyumbani, akawaambia kama wanaogopa wampe suruali zao. Polisi wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21; waliokuwepo walisema ni wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa kati ya waliokufa, na yeye kama mwanamke hata hakutakiwa kubeba kipande.

Kile cha chuma kiliondolewa 1947, sheria mpya ilipoanza kusajili wanaume wa rangi zote. Wanawake wa Kenya waliingizwa kwenye usajili 1978, miaka 15 baada ya uhuru. Sanduku likaenda, jina likabaki.

Sasa angalia siku yako. Unataka laini ya simu, ni kitambulisho. Unaingia jengo lolote mjini, soja wa geti anaandika namba yako kwenye daftari, na hakuna anayejua daftari hilo likijaa linaenda wapi. Unaomba kazi ya serikali, unaambiwa ulete cheti cha KRA, cha HELB, cha DCI, cha EACC na cha CRB. Hicho cha CRB ndicho kinanikumbusha ule ukurasa wa maoni ya mwajiri. Ni mtu mwingine amesema jambo juu yako, limehifadhiwa mahali, na anayekufungia mlango analisoma kabla yako. Mpaka 2020, Benki Kuu ilipobadilisha masharti, hata deni la chini ya shilingi 1,000 lingeweza kukuweka kwenye orodha hiyo. Hiyo ni pesa ya unga na mafuta, si ya kununua gari.

Kuna na wale ambao sistimu imewakataa kabisa. Kaskazini mashariki, wakati wa ukame, Wakenya wengine walijiandikisha kambini Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula, baadhi wakiwa watoto. Vidole vyao vikachukuliwa. Walipofika miaka 18 na kuomba kitambulisho, kompyuta ikasema wao ni wakimbizi. Bila kipande huna laini kwa jina lako, huna M-Pesa, huna kazi rasmi, hupigi kura. Babu zetu walipigania kukivua. Hawa wanapigania kukivaa. Mashine ni moja.

Wanubi, ambao wako Kibra tangu enzi za mkoloni, wanajua habari hiyo pia, kwa kuhojiwa mbele ya kamati kabla ya kupewa kitambulisho. Ndiyo maana shirika la Nubian Rights Forum lilikuwa kati ya waliopeleka Huduma Namba mahakamani. Januari 2020 Mahakama Kuu ikasema kuchukua DNA na kufuatilia mahali watu wanakoishi ni kinyume cha Katiba, na kazi isiendelee bila sheria za kutosha. Oktoba 2021 mahakama ikaisimamisha tena, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepima madhara yake kwa data za watu. Sasa tuna Maisha Namba.

Sisemi tuchome vitambulisho. Nasema kile Thuku na wenzake walichokuwa wanauliza bado kinaulizika: nani anaandika juu yangu, na mimi naruhusiwa kusoma? Tofauti ni kwamba sisi tuna jibu kwenye karatasi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza kampuni au ofisi ina nini kukuhusu, na kudai makosa yarekebishwe. Yule kibarua wa 1920 hakuwa na pa kuuliza. Wewe uko napo, kwa hiyo uliza.