Mto Shari: maji yaendayo machweo

Asubuhi isiyo na ukungu, tazama mashariki: ile ni Milima ya Buluu. Nyuma yake ardhi inaporomoka hadi Ziwa Albert, lililo mita zipatazo 620 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Bunia, upande huu wa milima, uko karibu na mita 1,300. Mvua inayonyesha upande ule huenda na Nile hadi Misri, kisha baharini. Ya upande huu huingia Shari, halafu Ituri, Aruwimi na Kongo, hadi Atlantiki. Wingu moja, bahari mbili!

Huko Budana, Shari huzungusha mitambo ya umeme iliyojengwa enzi za Wabelgiji kwa ajili ya machimbo ya dhahabu ya Kilo-Moto.

Chota maji kiganjani baada ya mvua kubwa: yana rangi ya tofali, na mchanga laini hubaki kwenye mistari ya mkono. Huo ni udongo wa mashamba ya mlimani. Matete ya ukingoni huuzuia. Yakifyekwa ili kupanda lengalenga hadi majini, ukingo humeguka. Sheria ya maji ya nchi ya Kongo ya 2015 inalinda vyanzo na kingo. Tafadhali, usiyakate matete haya.