Dirisha la faragha huficha nini, na halifichi nini?

WATU wengi hufungua dirisha la faragha katika intaneti wakiamini kwamba hakuna atakayejua walikopita. Imani hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyosalia ndiyo huwaponza.

Dirisha hilo limo katika vivinjari vyote vikuu, yaani programu za kufungulia tovuti. Safari ililileta mwaka 2005, Chrome 2008 na Firefox 2009. Linapofungwa, kivinjari hufuta orodha ya kurasa zilizosomwa, maneno yaliyojazwa katika fomu, pamoja na vidakuzi.

Kidakuzi ni faili ndogo ambayo tovuti huiacha katika kompyuta au simu ili imtambue mgeni anaporudi. Kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape.

Vinavyozua malalamiko ni vidakuzi vya nje, ambavyo huwekwa na kampuni za matangazo na wala si tovuti aliyoifungua msomaji. Kampuni moja yenye matangazo katika tovuti nyingi huweza kuunganisha nyayo zake zote. Ndiposa aliyesoma habari za kisukari asubuhi huandamwa na matangazo ya dawa jioni.

Dirisha la faragha humfaa hasa anayetumia kompyuta ya saiba au simu ya kuazima. Akishafunga madirisha yote ya aina hiyo, atakayeketi baada yake hataikuta barua pepe au akaunti ya benki ikiwa wazi. Hata hivyo, faili alizopakua husalia, na programu ya ujasusi iliyofichwa katika mashine huendelea kunasa kila herufi anayoandika.

Nje ya mashine, pazia hilo halipo. Kampuni inayouza huduma za intaneti bado huweza kujua tovuti zinazotembelewa, na kadhalika mwajiri anayemiliki mtandao wa ofisi. Naye aingiaye katika akaunti yake amejitambulisha mwenyewe.

Suala hili lilifika mahakamani California, Marekani, mwaka 2020, watumiaji wa Chrome walipoishtaki Google wakidai ilikusanya habari zao hata walipokuwa katika dirisha la faragha. Katika mapatano ya mwaka 2024, kampuni hiyo ilikubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu au kuziondolea utambulisho.

Anayetaka kuwazuia wafuatiliaji kila siku hana budi kugeukia mipangilio ya kivinjari. Safari imezuia vidakuzi vyote vya nje tangu 2020. Firefox, tangu 2022, hufungia vidakuzi katika tovuti vilikowekwa ili visimfuate mtumiaji kwingine.

Kwa upande wa Chrome, Google ilitangaza mwaka 2020 kwamba ingeviondoa, lakini ikaacha mpango huo mwaka 2024. Huzuiwa katika dirisha la faragha. Kwingineko mtumiaji huvizuia mwenyewe katika sehemu ya faragha na usalama. Hapo pia huweza kuzinyima tovuti ruhusa ya kujua alipo, au kutumia kamera na kipaza sauti.

Hata baada ya hayo, tovuti huweza kuitambua mashine kwa ukubwa wa skrini, lugha na aina za herufi zilizomo. Mipangilio hupunguza macho yanayotazama, haiyafumbi yote.