Mfarishi, Mraba na Kipimo

Neno mfarishi limo katika kamusi zetu za zamani, lakini tukilitaja darasani wanafunzi hutazamana. Si ajabu. Wengi wetu hujifunika shuka au blanketi la dukani, na mwenye kusikia baridi zaidi huongeza blanketi la pili. Mfarishi ni nguo ya kujifunikia yenye tabaka tatu: kitambaa cha juu, pamba katikati, na kitambaa cha chini, zote zikashonwa pamoja kwa uzi unaopenya toka juu hadi chini ili pamba isikimbie. Huko Marekani tabaka ya juu mara nyingi hutengenezwa kwa viraka. Viraka vidogo huunganishwa kuwa mraba mmoja mkubwa, kisha miraba ikashonwa safu kwa safu mpaka ikaenea kitanda.

Katika makala haya tunataka kuzungumzia jambo ambalo huenda likaonekana dogo, nalo ni namna mraba huo unavyosawazishwa ili pande zake zilingane na pembe zake zinyooke. Jambo hili ni la fundi wa sindano, naam, lakini lina historia yake, na historia hiyo ilileta riziki na mabishano katika kona moja ya jimbo la Alabama.

Na tuanze na kazi yenyewe. Kila nguo iliyofumwa ina nyuzi za mtande na nyuzi za mshindio. Ukikata kwa kufuata nyuzi hizo, ukingo hutulia. Ukikata hanamu, ukingo hunyumbuka kama mpira, na pasi yenyewe yatosha kuuvuta. Mraba wa viraka una kingo za kila namna, kwa hiyo ukimaliza kushonwa hauwi mraba tena: huku umevimba, huku umebonyea, na pembe moja imekimbia. Mraba wa inchi 6 hausumbui sana. Mraba wa inchi 24 una mishono mingi, na kila mshono umeongeza kosa lake. Chukua safu ya miraba minane. Kila mmoja ukizidi kwa robo ya inchi tu, safu nzima imezidi kwa inchi mbili, nayo haitakubali kuungana na safu ya pili bila kukunjamana.

Dawa ya fundi ni kupima mara mbili na kukata mara moja. Kupima pande peke yake hakutoshi, maana pande nne zaweza kulingana kabisa na bado umbo likawa limelala ubavuni. Wale wanaofundisha hesabu wanajua sababu. Ni lazima kupima toka pembe hadi pembe, na vipimo hivyo viwili vya mshazari vilingane. Kwa mraba wa inchi 24 kila kimoja kiwe karibu inchi 34. Tena fundi mwenye akili hakati kuanzia ukingoni. Huukunja mraba mara mbili apate kitovu chake, kisha hupima toka kitovuni kwenda nje kwa usawa pande zote, ndipo akapunguza kilichozidi. Akikata upande mmoja tu, nyota iliyokuwa katikati itahamia pembeni, na ncha zake zitamezwa na mshono. Wala asisahau kuacha robo ya inchi kila upande kwa ajili ya mshono, yaani mraba utakaoonekana wa inchi 24 ukatwe kwa inchi 24 na nusu.

Siku hizi kazi hii imerahisishwa na kisu chenye wembe wa duara unaobingirika, ambacho kampuni ya Olfa ya Japani ilikitoa mwaka 1979, pamoja na rula pana ya plastiki inayopitisha macho. Kabla ya hapo palikuwa na mkasi, penseli na kigezo cha kadibodi, na wengine walichana nguo kwa mikono, kwani nguo ikichanwa hufuata uzi wake yenyewe.

Katika maelezo hayo yote msomaji ameona neno moja likirudi: kupunguza. Kusawazisha mraba ni kukata na kutupa. Hapo ndipo tunapoingia katika historia.

Mto Alabama, ukipita katika wilaya ya Wilcox, hujikunja kama kiwiko cha mkono na kuzunguka pande tatu kipande cha ardhi kiitwacho Gee's Bend. Mzungu Joseph Gee alianzisha huko shamba la pamba mwaka 1816. Mwaka 1845 shamba likaangukia mikononi mwa Mark Pettway, ambaye alikuja toka North Carolina akiwatembeza kwa miguu watumwa wapatao 100. Utumwa ulipokwisha wazao wao walibaki pale pale kama wakulima wa kugawana mavuno na mwenye ardhi, na jina la Pettway wengi wao wanalo hadi leo.

Tusiipite pamba hiyo bila kusema neno. Sayyid Said wa Zanzibar alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na tangu hapo meli za Massachusetts zilimwaga Unguja majora ya nguo nyeupe isiyotiwa dawa, ambayo wazee wetu waliiita merikani. Viwanda vilivyoifuma vilikuwa kaskazini, lakini pamba yake ililimwa na watumwa wa majimbo ya kusini. Misafara iliichukua merikani hata Ujiji, Buganda na Manyema, ikawa ni fedha ya njiani, ikabadilishwa kwa pembe na kwa watu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikata biashara hiyo, na nguo za Uingereza na Bombay zikajaza pengo. Jina la merikani halikukatika. Basi nguo aliyojitanda babu zetu bara, na nguo aliyoshonea viraka mtumwa wa Alabama, huenda zilitoka katika udongo wa namna moja.

Turudi Gee's Bend. Mwaka 1932, katika ule mdororo mkubwa wa uchumi, mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha wanakijiji alifariki, na warithi wake wakadai madeni yote kwa mara moja. Walichukua mifugo, majembe, mahindi ya akiba. Watu walikaribia kufa njaa mpaka msaada wa serikali ulipofika, na baadaye katika miaka hiyo ya thelathini serikali ikanunua ardhi na kuwajengea nyumba. Kabla ya hapo waliishi katika vibanda vya magogo ambavyo upepo wa Januari ulipita ndani kama mwenyeji. Mfarishi haukuwa pambo. Ulitandikwa kitandani, mwingine juu yake, na mwingine ukaangikwa kuziba nyufa.

Viraka vilitoka wapi? Vilitoka katika suruali zilizochakaa magotini, mashati ya shambani, magunia ya mbolea na ya unga. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyekuwa ametoka kufiwa na mumewe, alichukua nguo zote za kazi za marehemu, akashona mfarishi ili ajifunike kwa ukumbusho wake. Binti yake Arlonzia, aliyekuwa msichana wakati huo, ndiye aliyeyasimulia hayo katika uzee wake. Mfarishi huo upo. Tumeuona katika picha. Una vipande virefu vya rangi ya buluu iliyopauka, vya kijivu na vya kahawia, na hakuna ukingo hata mmoja ulionyooka. Mwalimu wa ushonaji angeushika mkasi. Lakini angepunguza nini? Mguu wa suruali ya marehemu? Kila inchi ya nguo ile ilikuwa joto, na juu ya hayo ilikuwa mtu.

Mtindo uliopendwa sana kijijini huitwa Paa la Nyumba. Mshonaji huanza na kiraka kimoja cha mraba katikati, akakizungushia kipande kirefu kila upande, kisha kingine nje yake, na kingine tena, mpaka mraba mmoja unakuwa mkubwa sawa na kitanda kizima. Hapana mraba mgumu kusawazisha kama huu. Kosa la kiraka cha kati husafiri kwenda nje na kukua njiani. Kitabu cha ufundi kingemwambia mshonaji apime katikati ya kazi, si ukingoni, kisha akate kila kipande kipya kwa kipimo hicho. Akina mama wa Gee's Bend walikuwa na dawa nyingine: walishona kipande, wakakata mkia uliozidi, wakageuza, wakaendelea, na jicho likaamua ni wapi pa kuongeza upana ili kurudisha pembe iliyokimbia. Mistari ikapinda, lakini haikupotea. Ushonaji wa namna hiyo wenyewe huuita “njia yangu”.

Mwaka 1965 ulikuwa mwaka wa mapambano ya haki ya kupiga kura. Martin Luther King alifika Gee's Bend mwezi wa Februari. Kivuko cha kwenda mji wa Camden, mahali pa kujiandikisha, kilikuwa kimekwisha kusimamishwa mwaka 1962, na hakikurudi mpaka 2006. Mtu Mweusi aliyejiandikisha aliweza kufukuzwa katika nyumba na shamba alilokodi. Mwishoni mwa mwaka huo kasisi wa Kianglikana, Francis X. Walter, alipita wilayani akaona mifarishi imeanikwa kwenye kamba. Akanunua kadhaa kwa dola 10 kila mmoja, na ikapigwa mnada New York. Machi 1966 akina mama wa Gee's Bend na jirani yake Alberta wakaunda ushirika, Freedom Quilting Bee, yaani umoja wa washonaji mifarishi wa uhuru. Bibi Estelle Witherspoon aliuongoza kwa miaka zaidi ya ishirini.

Wanunuzi wakaja, na pamoja nao ikaja futikamba. Duka kubwa la New York linalouza kwa agizo haliwezi kumwambia mteja kwamba mfarishi wake utakuwa na upana wowote utakaotokea. Mshauri wa biashara Stanley Selengut aliwasaidia kupata maduka kama Bloomingdale's, na sharti likawa wazi: mitindo michache iliyochaguliwa, rangi zilizopangwa, mraba wa kwanza na wa mwisho ufanane. Wale waliozoea kufuata jicho sasa walifuata kigezo.

Wapo waandishi wanaosema kwamba hapo ndipo sanaa ilipouzwa. Sisi hatukubaliani nao kwa wepesi. Kwa fedha hizo ushirika ulinunua ekari 23 za ardhi, ukajenga nyumba yake ya kushonea mwaka 1969, na sehemu ya ardhi hiyo ikauzwa kwa jamaa waliofukuzwa mashambani kwa ajili ya kura. Mraba ulionyooka ulimpa mtu mahali pa kulala ambapo bwana shamba hawezi kumtoa. Ni kweli kwamba kazi ile iliwachosha baadhi yao, maana kushona kitu kile kile kila siku si mchezo. Lakini yafaa tuone pia kwamba waliifanya, na waliifanya sawasawa. Mikono ile ile iliyoshona Paa la Nyumba lililopinda iliweza kushona miraba thelathini inayolingana pale ilipopewa nguo ya kutosha kupunguza.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ya yaliyofuata. Mwaka 2002 mifarishi ya zamani ya kijiji, iliyokusanywa na William Arnett, ilionyeshwa katika jumba la sanaa la Houston, kisha katika jumba la Whitney huko New York. Wahakiki wakastaajabu, wakaifananisha na michoro ya wasanii wakubwa wa karne ya ishirini. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu kumi zenye picha zake. Kupinda kule kule ambako maduka yalikukataa sasa kulitiwa fremu ukutani. Wengine wakasema kwa sifa kwamba wanawake hawa hawakujua kupima. Sifa hiyo ina tusi ndani yake. Walijua kupima vizuri sana. Tofauti ni kwamba kwa miaka mia moja walipima kwanza ni nguo kiasi gani iliyobaki.

Ushirika wenyewe ulifungwa mwaka 2012, wengi wa waanzilishi wakiwa wamefariki. Kazi yake moja tungependa kuitaja kabla hatujaweka kalamu chini. Mwaka 1972 kampuni ya Sears iliupa ushirika mkataba wa kushona foronya za mito za kitambaa cha kodrai. Kodrai ni nzito, ina mistari inayomfichua fundi akienda kombo hata kidogo, na foronya zote zilitakiwa kuwa sawasawa. Zikakatwa kwa kipimo. Vipande vilivyobakia, vya rangi ya dhahabu, ya parachichi, ya chungwa na nyekundu, vilijaa sakafuni. Akina mama hawakuvitupa. Walivichukua nyumbani, wakavishona kwa njia yao, na baadhi ya mifarishi hiyo ya kodrai, yenye pembe zinazokwenda zitakako, ndiyo iliyosimama katika majumba yale ya sanaa miaka thelathini baadaye.