Njia ya Lemosho: Volkano Tatu, Mlima Mmoja

Kwa mbali Kilimanjaro ni mlima mmoja. Anayepita Lemosho hugundua ni volkano tatu zilizoungana. Uwanda wa Shira, unaouvuka siku za mwanzo, ni mabaki ya volkano kongwe iliyoporomoka. Kutoka kambi ya Barafu unaiona Mawenzi (mita 5,149), iliyomomonyoka hadi kubaki magenge makali. Kibo (mita 5,895) imelala tu: kreta yake bado hufuka gesi ya salfa. Wapo wanaosema njia ya Marangu inatosha kwa kuwa ni fupi na kilele ni kilekile. Ni kweli, lakini Marangu haigusi Shira, na siku saba au nane za Lemosho huupa mwili nafasi ya kuzoea hewa nyepesi. Tembea pole pole, na mawe yaache yalipo.